Siku Thelathini Baada ya Kisu

 Jioni hii naanza na mto. Si Bahr el Jebel unaopita hapa mjini Juba. Ni mto wa kulalia.

Mjomba wangu alifanyiwa upasuaji wa kichwa katika nchi jirani. Uvimbe ulikuwa nyuma ya ubongo, chini karibu na kisogo, sehemu inayomwezesha mtu kutembea bila kuyumba. Kabla ya hapo alikuwa akitapika kila asubuhi na kutembea kama mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi. Siku ya saba baada ya upasuaji aliruhusiwa. Siku ya tisa tukapanda naye ndege kurudi Juba. Siku ya kumi na moja mkewe aliamka akakuta mto wa mumewe umelowa. Alidhani ni jasho, maana ulikuwa mwezi wa Machi, na joto la Machi hapa kwetu unalijua. Akaugeuza upande mkavu. Kesho yake umelowa tena, na bandeji imelowa, na maji yenyewe ni maangavu, hayana rangi wala harufu.

Tukamwita jirani yetu, nesi wa kliniki ndogo ya mtaani. Alivaa glavu, akafunua bandeji taratibu, akamwomba mjomba akohoe. Alipokohoa, tone likachomoza kati ya uzi wa tatu na wa nne, likateremka shingoni hadi kwenye ukosi wa shati. Nesi alinyamaza kidogo, kisha akamwambia mke wa mjomba, "Mama, hili si jasho. Haya ni maji ya ubongo."

Ubongo, msikilizaji, unaelea ndani ya maji, na maji hayo yamefungiwa ndani ya utando mgumu. Daktari akitaka kufikia uvimbe lazima aupasue utando huo, na akimaliza anaushona. Ushonaji usipoziba sawasawa, au maji yakisukuma kwa nguvu kutoka ndani, yanatafuta njia. Na pale yanapotokea maji ndipo vijidudu vinapoingilia. Siku ya kumi na nne mjomba alishikwa na homa, shingo ikakakamaa kama mti: homa ya uti wa mgongo. Alilazwa hapa Juba, kidonda kikashonwa upya, akachomwa sindano za dawa wiki kadhaa. Alipona. Lakini sikio lake la kushoto halisikii tena.

Karatasi aliyorudi nayo ninayo hadi leo. Imeandikwa kwamba upasuaji umefanikiwa na mgonjwa ameruhusiwa akiwa na hali nzuri.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Karatasi ile haikudanganya. Siku ilipoandikwa, hali ilikuwa nzuri kweli. Daktari aliyempasua alifanya kazi ngumu kwa ustadi, uvimbe ulitoka, na leo mjomba anatembea bila kushikwa mkono. Hilo familia yetu haitalisahau. Ila katika daftari la hospitali ile, mjomba amehesabiwa miongoni mwa waliotoka salama. Maji yaliyovuja hayamo. Homa ya uti wa mgongo haimo. Sikio halimo. Mwisho wa mwaka wakikaa kuhesabu ni wagonjwa wangapi waliopata maambukizi baada ya kutolewa uvimbe wa ubongo, mjomba hatakuwamo katika hesabu hiyo, na daktari wake, ambaye labda angependa sana kujua kwamba ushonaji ule haukuziba, ataendelea kushona vilevile.

Sisi watu wa Juba tumezoea kusafiri na magonjwa yetu. Kwa miaka mingi wengi walikwenda Khartoum. Kiarabu tunakijua, na ndugu tulikuwa nao kule. Vita vilivyoanza tarehe 15 Aprili 2023 viliifunga njia hiyo. Zimebaki Nairobi, Kampala kwa ndege au kwa basi la kupitia Nimule na Gulu, Cairo, na kwa mwenye uwezo, India. Ng'ombe wanauzwa, ukoo unachanga, harusi ya kijana inasogezwa mwaka mzima. Na kabla ya safari watu wanakaa chini ya mwembe kuulizana: ni dola ngapi? Mashine zao ni mpya? Daktari amesomea wapi? Maswali mazuri. Lakini sijasikia mtu akiuliza: katika wagonjwa wenu wa mwisho wenye uvimbe kama huu, wangapi walirudishwa chumba cha upasuaji? Wangapi walikuwa hai siku ya thelathini? Wangapi waliingia wakiongea na wakatoka wakiongea? Mtu anayenunua bodaboda kuukuu pale soko la Custom huuliza injini imefunguliwa mara ngapi. Kichwa cha mzazi wetu tunakipeleka bila kuuliza.

Wazo la kuhesabu namna hii lina zaidi ya miaka mia moja, na nitakusimulia lilivyoanza kwa sababu linagusa upasuaji wa ubongo wenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Boston, Marekani, wanafunzi wawili wa udaktari walipewa kazi ya kuwalaza wagonjwa kwa etha, dawa ya usingizi ya zama zile. Mmoja aliitwa Harvey Cushing, wa pili Ernest Codman. Cushing alifiwa na mgonjwa aliyekuwa akimpa etha, akiwa bado mwanafunzi, na jambo hilo lilimuumiza sana. Ikawa yeye na Codman wamewekeana dau la chakula cha jioni: nani atawalaza wagonjwa vizuri zaidi? Ili mshindi ajulikane, ilibidi waandike. Wakaanza kuandika mapigo ya moyo na pumzi kwenye karatasi wakati upasuaji unaendelea. Chati anayojaza mtoa usingizi katika chumba cha upasuaji leo ni mjukuu wa karatasi zile.

Cushing akaja kuwa mwasisi mkubwa wa upasuaji wa ubongo. Mwaka 1931 alifikisha upasuaji wa uvimbe wa 2,000 uliothibitishwa, na mwaka uliofuata akatoa kitabu juu ya wagonjwa hao. Jina la kitabu chenyewe linataja asilimia za waliokufa. Hebu litafakari hilo: daktari aliyefika kilele cha sifa anaweka vifo vyake kwenye jalada, kila mtu asome.

Codman alikwenda mbali zaidi, na yakamgharimu. Alitaka kila mgonjwa awe na kadi, na kadi hiyo ifunguliwe tena baada ya mwaka, iulizwe: tulichokikusudia kimetokea? Kama hakikutokea, ni kwa nini? Mwaka 1911 alifungua hospitali yake ndogo. Kati ya wagonjwa 337 walioruhusiwa hapo hadi 1916, aliandika makosa 123 akayachapisha hadharani. Mwaka 1915 aliwaonyesha wenzake katuni ya mbuni aliyefukia kichwa mchangani huku akitoa mayai ya dhahabu. Maana yake ni kwamba hospitali zilikuwa zikipata fedha bila kutaka kujua wagonjwa wao waliishia wapi. Wakamtenga. Alifariki mwaka 1940, na kaburi lake halikuwekwa jiwe hadi 2014.

Basi kwa uvimbe wa ubongo unahesabu nini? Unaanza na kifo ndani ya siku 30, kwa sababu hicho hakina ubishi. Kisha mgonjwa aliyerudishwa chumba cha upasuaji bila kupangwa, kwa sababu damu imekusanyika ndani au maji yanavuja. Kisha maambukizi. Kisha jambo ambalo mgonjwa mwenyewe analijali kuliko yote: mkono ulioshika kikombe cha chai asubuhi ya upasuaji, je, bado unashika? Mama aliyekuwa akiwaita watoto wake kwa majina, bado anayapata? Kuna kipimo cha zamani kiitwacho Karnofsky, cha tangu miaka ya 1940, kinachotoka 0 hadi 100. Mia ni mzima kabisa. Sabini ni mtu anayejihudumia mwenyewe lakini hawezi kurudi kazini kwake. Hakihitaji mashine. Kinahitaji mtu wa kuuliza, na kuuliza mara mbili, kabla na baada.

Na matatizo yenyewe hayalingani. Mwaka 2011 madaktari wa Buenos Aires, Argentina, walipendekeza ngazi nne kwa ajili ya upasuaji wa ubongo: ya kwanza ni tatizo linalokwisha bila kuingiliwa tena mwilini, ya pili ni lile linalolazimisha upasuaji au utaratibu mwingine kama huo, ya tatu ni linalohatarisha uhai na kumpeleka mtu chumba cha wagonjwa mahututi, na ya nne ni kifo. Mjomba, kwa kidonda chake kilichoshonwa upya, ni ngazi ya pili. Ukisema tu "alipata matatizo" hujasema kitu. Ukisema ngazi ya pili, siku ya kumi na moja, maji yalivuja kisogoni, umempa daktari kitu cha kufanyia kazi.

Hapa lazima niwe mwangalifu, maana tarakimu inaweza kumsingizia mtu. Chukua hospitali inayotoa uvimbe wa ubongo kwa wagonjwa 20 kwa mwaka. Akifa mmoja, ni asilimia 5. Mwaka unaofuata wakifa wawili, ni asilimia 10, na gazeti litaandika kwamba vifo vimeongezeka maradufu. Kumbe tofauti ni ya mtu mmoja, na mtu huyo huenda angekufa mikononi mwa daktari yeyote duniani. Hospitali ndogo inahitaji miaka kadhaa ya kuandika kabla tarakimu zake hazijaanza kusema kweli.

Halafu tazama mgonjwa wetu anavyofika. Macho yalipoanza kufifia, alinunuliwa miwani. Kichwa kilipouma, alitibiwa malaria, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipoanza kuanguka kifafa, wakasema amerogwa, akapelekwa kuombewa. Mvua ikanyesha, barabara ikakatika, miezi ikapita. Anapopigwa picha hatimaye, uvimbe una ukubwa wa limau na jicho moja limekwisha kuzima. Ukimweka daktari wa mgonjwa huyu kwenye mizani moja na daktari wa London aliyepata uvimbe wa ukubwa wa harage, unamwonea. Ndiyo maana hali ya mgonjwa siku ya kufika lazima iandikwe kwa uangalifu uleule wa siku ya kutoka. Isipoandikwa, litatokea jambo baya: hospitali itajifunza kulinda sifa yake kwa kuwakataa wagonjwa wagumu. Vifo vitapungua kwenye daftari na kuongezeka majumbani.

Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha utafiti ambao kila mhudumu wa afya katika bara hili anapaswa kuufahamu. Hospitali 247 katika nchi 25 za Afrika zilifuatilia wagonjwa 11,422 wa upasuaji wa kila aina, kila nchi kwa wiki moja. Si wa ubongo peke yao, lakini funzo lake linatuhusu. Ilionekana kwamba wagonjwa wa Afrika walikuwa vijana zaidi na wenye afya nzuri kuliko wa kwingineko, na matatizo yao baada ya upasuaji hayakuwa mengi zaidi. Walipata matatizo asilimia 18 hivi. Hata hivyo walikufa asilimia 2.1, maradufu ya wastani wa dunia. Katika kila vifo 100, 94 vilitokea baada ya siku ya upasuaji kupita.

Maana yake nini? Wengi hawakufia kwenye kisu. Walifia wodini. Huenda tatizo lililotokea lingeweza kutibika kama lingeonwa mapema.

Nataka tuingie wodini pamoja, msikilizaji. Ni usiku wa kwanza baada ya upasuaji. Kuna kipimo kilichotungwa mwaka 1974 huko Glasgow, Uskoti, na kila nesi aliyesomea kazi hii anakijua. Macho yanapewa hadi alama 4, maneno hadi 5, mwendo wa mwili hadi 6. Mzima ni 15. Wa chini kabisa ni 3. Saa nne usiku nesi anamwamsha mgonjwa: anafungua macho mwenyewe, anataja jina lake na mahali alipo, anakunja mkono akiambiwa. Kumi na tano. Saa sita usiku anauliza tena, na mgonjwa anasema yuko shambani. Kumi na nne. Saa saba nesi anarudi kabla ya wakati, kwa sababu ile alama moja iliyopotea imemtia wasiwasi. Macho sasa yanafunguka akiitwa tu, na maneno hayaungani. Kumi na mbili. Hapo hapo anampigia daktari simu. Damu imekusanyika pale uvimbe ulipokuwa, inaubana ubongo, na hadi saa tisa usiku mgonjwa anaweza kuwa amerudishwa chumba cha upasuaji damu ikatolewa.

Sasa chukua usiku huohuo, wodi hiyohiyo, nesi mmoja na wagonjwa thelathini, umeme umekatika, tochi ni ya simu. Saa nne ameandika 15. Anayefuata kumtazama mgonjwa yule ni mfagiaji, saa kumi na mbili asubuhi.

Daktari ni yuleyule. Kisu ni kilekile. Ndiyo maana mimi nikitaka kujua ubora wa upasuaji wa ubongo mahali fulani, swali langu la kwanza ni idadi ya manesi wanaokuwa macho saa nane usiku.

Wapo watakaosema haya yote ni makaratasi, na makaratasi hayatibu. Nawakumbusha jambo lililotokea Nairobi Februari 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Wanaume wawili waliletwa. Mmoja alikuwa na damu iliyoganda kichwani, anahitaji upasuaji. Wa pili alikuwa na uvimbe wa kuumia tu, asiyehitaji kisu. Utambulisho wao ukachanganywa. Madaktari walifungua kichwa cha yule asiyehitaji, na saa kadhaa baadaye, walipokosa damu waliyoitafuta, ndipo walipotambua. Hawakukosa ujuzi wa mikono. Kilichokosekana ni jambo dogo kuliko yote, yaani kuhakikisha kwa sauti, kabla ya kukata, huyu ni nani na tunamfanyia nini. Mkuu wa hospitali alipewa likizo ya lazima, daktari na wauguzi wakasimamishwa, na madaktari wenzao wakasusia kazi wakipinga.

Nilipofuatilia habari ile niliwaelewa waliosusia. Kosa likitokea tukakimbilia kumtafuta wa kumsulubu, anayefuata kukosea ataficha. Codman aliandika makosa yake kwa sababu hospitali ilikuwa yake. Hakuna aliyeweza kumfukuza. Nesi wa kawaida hana kinga hiyo. Ukitaka aandike kwamba dawa ilichelewa saa mbili, mhakikishie kwanza kwamba kuandika hakutamgharimu mshahara wake.

Na karatasi ya kuhakikisha mambo hayo kabla ya kukata ilikuwa imekwisha kujaribiwa hapa hapa Afrika Mashariki. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 orodha ya mambo 19 ya kutamkwa kabla, wakati na baada ya upasuaji, ikiwemo jina la mgonjwa na mahali pa kukata. Hospitali nane duniani ziliijaribu: Toronto, London, Seattle, Auckland, New Delhi, Manila, Amman, na ya nane ilikuwa Ifakara, Tanzania, katika bonde la Kilombero. Matokeo yalitolewa Januari 2009. Vifo vya jumla vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka 11 hadi 7. Hakikununuliwa chombo kikubwa. Watu walisimama, wakatajana majina, wakasoma kwa sauti.

Lakini mfano unaonigusa zaidi uko Mbale, mashariki mwa Uganda. Mwaka 2001 ilifunguliwa pale hospitali ya watoto ya CURE, na daktari wa upasuaji wa ubongo, Benjamin Warf, akaanza kupokea watoto wenye vichwa vilivyojaa maji, wengi wao kwa sababu ya maambukizi ya siku za mwanzo za uhai. Matibabu yaliyozoeleka duniani ni kupitisha mrija chini ya ngozi, kutoka kichwani hadi tumboni. Mrija unasaidia, ila unaweza kuziba siku yoyote. Mtoto wa Boston mrija ukiziba, mama anaingia kwenye gari, na baada ya muda mfupi yuko hospitali. Mtoto wa kijiji cha mbali, mrija ukiziba wakati wa masika, hafiki. Kwa hiyo Warf akaendeleza njia nyingine ya kufungua mlango wa maji ndani ya ubongo wenyewe na kuchoma sehemu inayoyatengeneza, bila kuacha mrija mwilini. Halafu yeye na wenzake wakafanya kile ambacho ningependa kila hospitali ifanye: waliifanyia njia yao mtihani. Watoto wachanga 100 waligawanywa kwa kura, wengine mrija, wengine njia mpya, wakafuatiliwa mpaka mwaka mmoja, wakapimwa akili na ubongo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: hakukuwa na tofauti ya maana kati ya makundi mawili katika ukuaji wa akili.

Mtu anaweza kudhani hiyo ni habari ndogo. Kwangu ni kubwa. Inamwambia mama wa kijijini kwamba mwanawe anaweza kuepushwa na mrija bila akili yake kulipa gharama. Na inatuonyesha sisi kwamba umbali wa nyumba ya mgonjwa ni sehemu ya ubora wa matibabu. Upasuaji uliofaa kwa anayeishi jirani na hospitali unaweza usimfae anayeishi Yambio au Torit. Watoto wale walikuwa wa kwao vijijini, hawakukaa wodini mwaka mzima, walitafutwa wakapatikana. Kwa hiyo nikiambiwa kwamba kumfuatilia mgonjwa wa kwetu haiwezekani, nafikiria Mbale.

Turudi Juba. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Mgonjwa anavuka mpaka, lakini faili lake linabaki. Mara nyingi anarudi hajui hata uvimbe wake ulikuwa wa aina gani, kwa sababu kipande kilichopelekwa maabara kilikuwa hakijajibiwa siku aliyopanda ndege, na hakuna aliyekwenda kuchukua jibu. Uvimbe mwingine ukitoka wote umekwisha. Mwingine unahitaji mionzi ndani ya wiki chache. Anayeijua tofauti hiyo ni maabara, na maabara iko kilomita mia kadhaa kutoka kwake.

Na kuna vidonge. Wengi wenye uvimbe wa ubongo hupewa deksamethazoni, kupunguza uvimbe unaouzunguka. Ni dawa nzuri, lakini haiachwi ghafla. Inapunguzwa kidogo kidogo kwa siku alizopanga daktari. Nimeona watu hapa wakiiacha siku moja kwa sababu pakiti imeisha, wakazidiwa. Nimeona na wengine wakiendelea kuinunua duka la dawa miezi mitano, sukari ikapanda, uso ukajaa kama mwezi, misuli ya mapaja ikakosa nguvu, kwa sababu hakuna aliyewaandikia siku ya mwisho. Hayo nayo ni matatizo ya upasuaji, na hayamo katika daftari la mtu yeyote.

Kwa hiyo, ndugu unayempeleka mgonjwa wako, usitoke hospitali ile kabla hujashika mkononi maelezo ya kilichofanyika, namba ya kipande kilichopelekwa maabara, ratiba ya vidonge hadi siku ya mwisho, na namba ya simu ya mtu anayepokea. Ukifika nyumbani ukaona maji maangavu kwenye kidonda au yakidondoka puani, homa, shingo ngumu, usingizi usio wa kawaida, au mkono unaolegea, nenda hospitali saa hiyohiyo. Usizibe kidonda kwa pamba na kungoja kesho. Ukishapata tiba, ipigie simu hospitali iliyompasua uwaambie. Si kwa ugomvi. Waambie tarehe na kilichotokea, na uwaombe wakiandike.

Na ninyi mnaoendesha hospitali kubwa za Nairobi na Kampala zinazopokea watu wetu: siku ya thelathini, pigeni. Ni simu ya dakika nne. Chuo cha madaktari wa upasuaji cha ukanda wetu, COSECSA, kina makao yake Arusha, na Sudan Kusini ni mwanachama. Madaktari wanaofunzwa humo wanatoka pande zote mbili za mpaka wa Nimule. Fomu moja ya ukurasa mmoja, inayofuata mgonjwa kutoka Mulago ya Kampala au Kenyatta hadi Hospitali ya Mafunzo ya Juba na kurudi, wao wanaweza kuianzisha.

Mimi nimeanza na nilichonacho. Nimenunua daftari la shule la kurasa 96, nimechora mistari kwa rula: siku ya upasuaji, hali kabla, siku ya saba, siku ya thelathini, mwezi wa sita. Jina la kwanza ni la mjomba. Nimeandika kisogo, maji siku ya kumi na moja, homa siku ya kumi na nne, sikio la kushoto. Nimemsomea, akanisahihisha: homa ilianza usiku wa siku ya kumi na tatu, yeye ndiye aliyekuwa akitetemeka, anakumbuka. Nimebadilisha.

Wapo watu sita humo sasa, wote wa mitaa hii yetu, kila mmoja kwa ridhaa yake. Wa sita ni mama mmoja aliyerudi mwezi uliopita, na jana ilikuwa siku yake ya thelathini. Nimempigia mara tatu leo mchana, simu inaita bila kupokelewa. Mwanawe anasema huwa anaiacha chaji kwa jirani mwenye sola. Nitapiga tena kesho asubuhi na mapema, na isipopokelewa nitachukua boda hadi kwake Gudele.